Kabla ya Kulipia Laptopu ya Chuo

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti na wazazi pamoja na vijana wanaojiunga na vyuo. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Majibu ya KUCCPS yametoka, na barua za vyuo zimeanza kufika pamoja na ile orodha ya vitu vya kubeba. Godoro, ndoo, shuka, neti ya mbu. Halafu chini kabisa, laptopu. Vitu vyote vya juu mzazi anajua kuvichagua. Godoro utalibonyeza, ndoo utaigonga ukisikilize kishindo chake. Ukifika kwenye laptopu unabaki kumtazama muuzaji mdomoni. Yeye anakwambia, "Mama, hii ni Core i7, hii ni kali," nawe unafungua kibeti.

Hapa Kilifi tunajua kibeti hicho kimejazwa vipi. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyengoja msimu wa korosho, kuna aliyesubiri zamu yake ya chama tangu Januari. Pesa hiyo haitarudi mara ya pili kabla mtoto hajamaliza miaka yake mitatu au minne. Ndiyo maana tumeketi hapa.

Kamusi zetu zinasema kipakatalishi. Mimi nitasema laptopu, maana ukienda dukani ndilo neno utakalolisikia. Na nitazungumza juu ya kiasi cha shilingi 30,000, kwa kuwa wengi mnaokuja ofisini mnataja kiasi hicho au karibu yake.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyeweza kungoja aende nao nyumbani. Ukiwa na shilingi 30,000, usinunue laptopu mpya ya sandukuni. Nunua laptopu ya mtumba iliyotengenezewa kazi za ofisi, yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Na ukae dukani nusu saa nzima ukiipima kabla hujatoa hata shilingi.

Najua neno mtumba linawauma wengine. Mzazi ananiambia, mtoto wangu ndiye wa kwanza kwenda chuo katika ukoo mzima, nimpe kitu kilichotumika? Nawaelewa. Lakini hebu tuangalie unachopewa ukinunua mpya kwa pesa hiyo.

Kwa bei ya chini, laptopu mpya nyingi huja na prosesa dhaifu, mara nyingi Celeron, RAM ya GB 4, na hifadhi inayoitwa eMMC ya GB 64. Hiyo eMMC ni ndugu wa kile kinachohifadhi picha kwenye simu za bei rahisi, na kasi yake ni ndogo kuliko ya SSD. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Ongeza masasisho yake, ongeza programu za chuo, na kufikia muhula wa pili mashine inalia haina nafasi. Baya zaidi ni kwamba katika mashine nyingi za aina hiyo RAM na eMMC zimechomelewa kwenye ubao. Fundi hawezi kuzitoa akaweka kubwa zaidi. Umenunua kitu kisichokua, na mtoto wako kazi zake zinakua kila mwaka.

Sasa tazama upande wa pili. Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua au hukodi laptopu kwa mamia ili wafanyakazi wao watumie, na baada ya miaka kadhaa huzibadilisha zote kwa mpigo. Zile za zamani hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa jumla, na nyingine huishia huku kwetu. Wauzaji huziita "ex-UK" hata zikiwa zimetoka kwingine. Zilipokuwa mpya, bei yake ilikuwa mara kadhaa ya hizo 30,000 zako. Fremu zake ni imara, bawaba zake zimekazwa vizuri, na kwa kuwa ziko nyingi, fundi wa Malindi au wa Mariakani atakupatia kibodi yake, skrini yake na betri yake bila kuagiza ng'ambo.

Nitataja tatu ili muwe na majina ya kuulizia: ThinkPad T480 ya Lenovo, Latitude 7490 ya Dell, na EliteBook 840 G5 ya HP. Zote zilitoka mwaka 2018. Zote zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo ukinunua ikiwa na GB 8 unaweza kuongeza baadaye. T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa vidole bila bisibisi. Kwa mwanafunzi anayeishi mahali stima inapokatika mara kwa mara, mimi hiyo betri ya nyuma naihesabu kuwa faida kubwa. Sisemi hizi tatu ndizo pekee. Lakini mkikutana na nyembamba zaidi kama X280 au X1 Carbon, jueni kwamba RAM zake zimechomelewa. Zinapendeza begani, ila GB ulizonunua nazo ndizo utakazozeeka nazo.

Sasa tuje kwenye hilo neno kizazi, maana hapa ndipo watu wengi huuziwa maneno.

Wauzaji hutangaza i3, i5, i7 kana kwamba i7 siku zote humshinda i5. Si kweli. Kinachofuata baada ya kile kistari ndicho cha kusoma. Ukiona i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, hicho ni kizazi cha nane. i5-6300U ni kizazi cha sita. Ukiona i5-1135G7, soma mbili za mwanzo, 11, kizazi cha kumi na moja. Mwone sasa huyu i7-7500U wa kizazi cha saba: ana viini viwili tu vya kufanyia kazi. Yule i5-8250U ana vinne. Kwa hiyo muuzaji anayekutoza zaidi kwa sababu ya hiyo saba iliyoandikwa kwenye kibandiko anakuuzia mashine ndogo kwa bei ya kubwa. Na tahadhari nyingine: hata zile modeli nilizotaja, baadhi zilitoka kiwandani na kizazi cha saba. Jina la mashine halitoshi, soma nambari ya prosesa yenyewe. Zile zenye prosesa za AMD huandikwa Ryzen. Yenye nambari inayoanza na 3 kwenda juu, kama Ryzen 5 3500U, itawafaa.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha nane? Sababu kubwa ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel na isipokuwa chache sana, inataka kizazi cha nane kwenda juu. Madukani utakutana na mashine za kizazi cha sita zinazoonyesha Windows 11 vizuri kabisa. Fundi ameilazimisha. Itafanya kazi, pengine kwa muda mrefu, lakini Microsoft haikuahidi kuipa masasisho, na siku ikigoma mtoto wako atakuwa na mtihani wiki hiyo hiyo. Kama mfuko unaruhusu mashine ya zamani tu, basi kuna njia ya haki zaidi: iwekwe Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na nyepesi. Kijana atazizoea kwa wiki moja. Ila aulize kwanza kama programu za kozi yake zinakubali.

RAM na diski sitakaa nazo sana. RAM ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. GB 8 ndiyo meza ndogo kabisa ninayoweza kuipendekeza leo. Diski iwe SSD. Ile ya zamani ya sahani inayozunguka ikatae hata kama imeandikwa GB 1000, kwa sababu itafanya mashine nzuri iende kama trela kwenye mlima wa Mazeras.

Vijana, kabla hatujaenda dukani, nijibuni. Unaenda kusoma nini?

Anayekwenda kusomea uuguzi KMTC, ualimu, biashara, sheria, uandishi wa habari, mashine niliyoieleza inamtosha hadi siku ya mahafali. Kazi zake ni kuandika, kusoma PDF, kutafuta kwenye intaneti, kuhudhuria mihadhara ya mtandaoni na kutengeneza slaidi. Anayekwenda kusomea kompyuta pia ataanza nayo vizuri, halafu akaongeza RAM hadi GB 16 atakapohitaji. Wa takwimu au jiografia, zipo programu za bure kama R na QGIS, nazo zinakwenda humo.

Wa usanifu majengo, uhandisi wa michoro, au kuhariri filamu, kwako ninasema tofauti. Usinunue sasa. Ripoti kwanza, waulize walio mwaka wa tatu ni programu gani zinatumika na zinaanza lini. Mara nyingi zile programu nzito haziji wiki ya kwanza, na chuo kina maabara. Ukikimbilia kununua ya 30,000 leo, mwaka ujao utahitaji nyingine, na mzazi hana mbuzi wa pili. Na nyote, mkiwa mnategemea mkopo wa HELB, kumbukeni zile pesa za kujikimu ni chakula na chumba. Nimeona chumba chenye laptopu ya kung'aa na sufuria tupu.

Haya, tumefika dukani. Iwe ni Mombasa mjini, iwe ni Moi Avenue au Luthuli kule Nairobi, iwe ni duka la hapa hapa. Nendeni mchana, nendeni na kijana mwenyewe atakayeitumia, na msiende saa ya mwisho kabla ya basi kuondoka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukipima. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona mtu anakuharakisha, anakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na M-Pesa mkononi, mwache huyo mteja aichukue.

Kwanza zima mashine kabisa, kisha iwashe wewe mwenyewe. Usikubali ile uliyoikuta imewashwa tayari. Ikidai neno la siri kabla hata ya Windows kutokea, kwenye ile skrini nyeusi ya BIOS, iache. Hilo ni kufuli la ofisi ilikotoka, na pengine ni ishara kwamba haikutoka kwa njia halali.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha, ingia sehemu yenye alama kama ya mapigo ya moyo. Humo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, na kama diski ni SSD. Linganisha na alichokwambia muuzaji. Dakika mbili tu, na hapo tayari umewapita wanunuzi wengi.

Betri ndiyo siri kubwa ya mtumba. Muuzaji atasema inakaa saa nne. Usibishane naye, iulize mashine. Fungua lile dirisha jeusi la amri, kijana anaandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha aandike powercfg /batteryreport na kubonyeza Enter. Mashine itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa inapojaa. Tuseme kiwandani ilikuwa 50,000 na sasa ni 31,000. Gawanya, utapata asilimia 62. Mimi chini ya asilimia 60 naomba betri nyingine au bei ipunguzwe kwa gharama ya betri. Kisha chomoa chaja, weka video icheze, na uendelee na ukaguzi mwingine bila kuirudisha. Ikishuka kutoka mia hadi themanini kabla hujamaliza, umejua.

Video ikiwa inacheza, sikiliza spika zote mbili. Fungua ukurasa mweupe mtupu na utazame skrini kwa pembeni: madoa, mistari, kona zenye weusi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, moja moja, hata zile herufi ambazo Kiswahili hakizitumii, Q na X. Washa kamera. Chomeka flashi katika kila tundu la USB, maana tundu moja likifa wauzaji hukuelekeza kwenye lingine kwa ustadi mkubwa. Fungua na ufunge kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Weka kiganja chini yake uone imepata joto kiasi gani.

Halafu washa hotspoti ya simu yako na uiunganishe. Hili watu hulisahau. Zipo mashine ambazo bado zimesajiliwa na kampuni ilikotoka. Zikiwa nje ya mtandao zinatulia, lakini siku utakapoweka Windows upya ukiwa na intaneti, inatokea skrini yenye jina la kampuni ya watu inayokudai baruapepe ya kazini. Hakuna fundi wa haki atakayekuondolea hiyo. Kwa hiyo mwombe muuzaji airejeshe kuwa mpya mbele yako ikiwa imeunganishwa na mtandao, au aandike kwenye risiti kwamba likitokea jambo hilo atakurudishia pesa.

Na chaja. Iangalie maandishi yake, nyingi za hizi mashine zinataka wati 65. Chaja ya bandia huanza kwa kupata moto na huishia kuunguza ubao, na ubao ndio mashine.

Sasa kuna mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: huyu anaenda kusoma au anaenda kutazama sinema? Mama, anaenda kufanya yote mawili, na sioni ubaya. Kijana wa miaka 19 aliye mbali na kwao, Jumamosi jioni chumbani, kutazama filamu au mechi kwenye laptopu yake ni afadhali kuliko mengi ninayoweza kuyataja hapa mbele ya wazee. Jambo zuri ni kwamba vinavyofaa kusomea ndivyo vinavyofaa kuburudika. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 inaonyesha kurasa mbili za noti bila kukaza macho, na inaonyesha filamu vizuri. Zile za 1366 kwa 768 bado ziko nyingi madukani, na maandishi yake madogo yanachosha; kama tofauti ya bei ni shilingi elfu moja au mbili, iongeze. Tundu la HDMI litakuwezesha kuchomeka kwenye runinga au kwenye projekta ya darasani.

Michezo ni habari nyingine. Mashine za ofisi hazina kadi kubwa ya picha. Michezo myepesi na ya zamani itacheza, ile mipya mizito haitacheza. Ukiona mtandaoni laptopu ya michezo inauzwa 30,000, jiulize kwa nini mwenyewe anaiuza. Mara nyingi imechemka miaka mingi, na betri yake haimalizi hata mhadhara mmoja.

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya ubora wa kawaida hadi GB 1. Pigeni hesabu ya filamu ya saa mbili kwa bei ya bando lenu. Pakueni kwenye waifai ya chuo usiku, au mshushe ubora. Na kwenye Windows, ukiunganisha kwa hotspoti, iambie kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, la sivyo itajipakulia masasisho na kukuacha bila salio la kutuma kazi ya mwalimu. Zile flashi za maduka ya sinema nazo zinabeba virusi. Ziacheni zikaguliwe na kinga iliyomo ndani ya Windows kabla ya kufungua chochote. Kinga hiyo ni ya bure, hamna haja ya kununua nyingine.

Programu za kuandikia pia zipo za bure. LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Vyuo vingine huwapa wanafunzi Office kupitia baruapepe ya chuo, kwa hiyo msimlipe mtu elfu moja awawekee ya wizi kabla hamjauliza.

Tuzungumze malipo. Siku hizi kuna laptopu za lipa mdogo mdogo. Sizipingi, zimewasaidia watu, lakini fanya hesabu ya mwisho na si ya kila siku. Mfano: unaambiwa toa 8,000 mkononi, kisha 150 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia na hamsini inaonekana ni bei ya chapati na maharagwe. Kwa siku 365 ni 54,750. Ongeza zile 8,000, umelipa 62,750. Kama mashine hiyo dukani ni 35,000, umenunua karibu mbili na kubeba moja. Mkopo wa chama chenu, hata ukiwa na riba, mara nyingi utakuwa nafuu.

Anayeuza mtandaoni na kutaka utume nusu kwanza, usitume. Kutaneni mahali pa watu wengi, mchana, penye stima, upime kama nilivyoeleza. Lipa kwa nambari ya biashara ya duka, usilipe kwa nambari ya mtu binafsi "kwa sababu till ina shida leo." Na risiti iwe na jina la duka, modeli, na ile nambari ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine, ambayo mafundi huiita siriali. Risiti iliyoandikwa "laptopu moja" haikusaidii kitu. Kwanza, ikiibiwa hosteli huna cha kuwapa polisi. Pili, sheria yetu ya adhabu inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na risiti yenye siriali ndiyo itakayoonyesha uliinunua kwa nia njema. Laptopu nzuri inayouzwa 9,000 kandokando ya stendi ya matatu ina mwenyewe anayelia mahali fulani, pengine ni mwanafunzi kama wa kwako.

Maduka mengi yana bango: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Lisikutishe. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Ukiuziwa kizazi cha sita kwa jina la kizazi cha nane, una pa kusimamia. Lakini utasimama vizuri zaidi ukiwa na waranti iliyoandikwa, yenye muda wake na inachofunika. Uliza hasa kama betri, skrini na chaja vimo, kwa sababu mara nyingi havimo.

Mashine ikifika, hali yetu ya hapa Pwani ina adabu zake. Upepo wa chumvi, joto na vumbi havipendi vyuma. Msiitumie juu ya godoro, inaziba matundu ya hewa na kuchemka. Kila mwaka mmoja fundi aifungue apulize vumbi. Stima ikikatika chomoa chaja, ngoja itulie ndipo uchomeke tena.

Kuna ambao mmenisikiliza na mnasema, huyu anazungumza 30,000 na mimi nina 15,000. Kwa kiasi hicho mtaonyeshwa Chromebook zilizotoka shule za ng'ambo. Si mbaya kwa kuandika na kusoma mahali penye waifai, ila haziwezi kuendesha programu za Windows. Angalieni mambo mawili: kwenye mipangilio yake imeandikwa tarehe ambayo masasisho yatakoma, na iwe bado iko mbele, na ukiiwasha isikwambie kwamba inasimamiwa na shule fulani. Ikisema hivyo, irudishe mezani.

Na ambaye hana kabisa, mtoto aende chuo. Asibaki nyumbani kwa ajili ya laptopu. Vyuo vina maabara za kompyuta na maktaba, na simu yenye kibodi ndogo ya kuunganisha imewaandikia watu wengi kazi zao za mwaka wa kwanza. Mashine ataikuta mbele ya safari, na pengine kufikia hapo atakuwa anajua kuichagua kuliko sisi sote.

Nimekuja na laptopu tatu, ziko hapa mezani. Mbili ni nzima, moja ina kasoro nne na sitawaambia ni ipi. Vijana, sogeeni, mkae watatu watatu kwa kila mashine. Wazazi msibaki nyuma, njooni muone ile ripoti ya betri kwa macho yenu. Tuanze kwa kuzizima zote.